Sura ya Nne: Jiwe Kwanza, Diski Baadaye

Ukiingia katika duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, mjini kati au kule mtaa wa Kenya, utakuta diski za almasi zimetundikwa ukutani pamoja na kufuli, bawaba na mipira ya maji. Karibu zote zimeletwa kwa ajili ya mafundi wa vigae na wa zege. Muuzaji atakuuliza, "Papa, unataka kukata nini?" Ukijibu "jiwe", atakushushia ile yenye meno mapana, maana jiwe analolifikiria yeye ni la msingi wa nyumba. Hajakosea, amejibu kama alivyoulizwa. Kumbe jiwe ulilo nalo nyumbani ni malakiti kutoka Kolwezi au Likasi, laini kuliko kioo cha dirisha. Diski hiyo italibandua kingo, italichoma, na itakula sehemu nzuri ya sura yake kabla hujalitoa kwenye mashine.

Ninashikilia jambo moja katika sura hii, na ushauri wote unaofuata unatoka humo: uchaguzi wa diski unaanza na jiwe. Mashine inafuata, bei inakuja mwisho. Wengi huanza na bei, kisha wakatafuta mashine ya kuifaa diski waliyoipata, na jiwe likaburutwa nyuma. Kwa mawe ya kawaida hasara yake ni ndogo. Kwa mawe ya Katanga ni kubwa, kwa sababu yana tabia tatu ambazo ni nadra kukutana katika jiwe moja: ni laini, thamani yake iko kwenye sura, na vumbi lake ni sumu.

Mawe tuliyo nayo

Malakiti ni kaboneti ya shaba. Kiasi cha asilimia 57 ya uzito wake ni shaba tupu, na ndiyo maana kipande kidogo kinakushangaza kwa uzito ukikiinua: karibu mara nne ya uzito wa maji ya ujazo huo huo. Katika kipimo cha Mohs, ambacho talki ni 1 na almasi ni 10, malakiti inasimama kati ya 3.5 na 4. Ncha ya kisu inaikwaruza. Ilijijenga tabaka juu ya tabaka ndani ya matundu ya mwamba, maji yenye shaba yakipita na kuacha utando mwembamba, kisha mwingine, kijani kilichofifia juu ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Mahali ambapo maji yalidondoka kutoka juu, ilikua kwa umbo la vijiti vya mviringo. Ukikata kijiti cha namna hiyo kwa upana unapata duara ndani ya duara, jicho kamili. Ukikikata kwa urefu unapata mistari tu. Mwelekeo wa mkato unaamua kila kitu, kwa hiyo lowanisha jiwe, ligeuze kwenye mwanga wa jua, chora mstari kwa penseli, uliangalie tena kesho yake. Saa moja ya kulitazama jiwe haipotei bure.

Malakiti haivumilii joto. Ukingo wa diski kavu unatosha kuigeuza oksidi nyeusi ya shaba, hewa ya kaboni na maji vikitoka kama mvuke. Wahenga wetu waliijua vizuri tabia hiyo na waliitumia. Wasanga, na baadaye Wayeke wa Msiri kule Bunkeya, walipanga malakiti na makaa katika tanuru zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu, wakavukuta mpaka shaba ikatiririka, wakaimimina katika viunzi vya umbo la msalaba. Misalaba ya shaba ya aina hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na mwaka 1960 ilichorwa kwenye bendera ya Katanga. Mkata mawe anataka kinyume cha walichotaka wao. Kila doa jeusi kando ya mkato wako ni malakiti uliyoiunguza njiani badala ya kuikata, na hakuna msasa utakaolirudisha kuwa kijani. Utalisugua mpaka ulimalize.

Tena, malakiti safi ni sehemu tu ya habari. Vipande vingi vinavyouzwa vimeshikamana na krisokola ya buluu, au vimekaa ndani ya mwamba wa silika wenye matundu, ule ambao wajiolojia wa migodi yetu huuandika RSC kwenye michoro yao. Kwatzi ya mwamba huo ina ugumu wa 7. Diski inayopita humo inakutana na 4, kisha 7, kisha 4 tena, na kila inapopata ugumu upande mmoja na ulaini upande wa pili, huvutwa kuelekea kwenye laini. Mkato unapinda ukiwa umeshika jiwe wima kabisa. Tutalirudia hili tukifika kwenye unene.

Kalsiti ya waridi, inayopata rangi yake kutokana na kobalti, ina ugumu wa 3 na hupasuka kwa kufuata mipasuko yake ya asili. Ikatwe polepole mno. Dioptasi, zile fuwele za kijani cha zumaridi, naomba usizikate kabisa, maana uzuri wake ni zilivyozaliwa. Heterojeniti nyeusi, ambayo dunia nzima inaikimbilia kwa ajili ya kobalti yake, haina sura ya kukatia na vumbi lake ni baya. Iache.

Halafu kuna mawe ambayo lazima niyaseme kwa sauti. Shinkolobwe iko jirani na Likasi, na urani ya mgodi huo ndiyo iliyokuwa nguzo ya mradi wa Wamarekani uliotengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Madini ya urani ya Shinkolobwe, na ya Musonoi karibu na Kolwezi, yanavutia macho kupita kiasi: njano kali, chungwa, sindano za kijani, vijibamba vya kijani vinavyometa. Torbeniti na kuprosklodowskiti ni za kijani, na mtu asiyezoea anaweza kuzidhania kuwa ndugu za malakiti. Malakiti nzito yenye tabaka zake zinazoonekana haina utata. Lakini kipande chenye ganda la njano au chungwa, au chenye sindano na vijibamba vya kijani, kisiguswe na diski ya aina yoyote mpaka kipimwe mnururisho. Idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ndipo pa kuanzia kuuliza. Hakuna pambo linalostahili kuvuta vumbi la urani kifuani.

Kwa kulinganisha, waangalie wachongaji wa Tabaka, huko Kisii nchini Kenya. Jiwe sabuni lao ni laini sana, na wanalikata kwa msumeno wa kawaida, wanalichonga kwa panga na kisu, almasi hawaihitaji. Kule Arusha, wanaokata tanzanaiti wanatumia diski nyembamba mno, kiasi cha sehemu ya tatu ya milimita, kwa sababu jiwe lile linapasuka kwa urahisi upande mmoja na kila chembe inayosagika ni pesa. Mkata malakiti yuko kati ya hao wawili, na namshauri awaige wa Arusha.

Almasi ya jirani zetu

Diski ya almasi haina meno ya kukata kama msumeno wa seremala. Inasaga. Ukingo wake ni unga wa metali, bronzi, kobalti, chuma au nikeli kwa vipimo tofauti, uliochanganywa na punje za almasi, ukashindiliwa na kuokwa mpaka ukawa kitu kimoja. Punje zinazojitokeza juu ndizo zinazolichimba jiwe, chembe kwa chembe.

Mkongomani ana haki ya kuitazama diski hiyo kwa jicho la pekee. Almasi ya Kasai iligunduliwa mwaka 1907, na baadaye yakafuata mashapo makubwa ya Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi. Sehemu kubwa kabisa ya almasi za huko hazifai kwa pete: ni ndogo, zina ukungu, rangi yake ya kijivu. Sonara anazipita, kiwanda kinazigombania. Kampuni ya Diamant Boart iliundwa Ubelgiji mwaka 1937 hasa kwa kuzitafutia kazi almasi hizo za Kongo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Washirika vilikata na kunoa vyuma vyao kwa almasi ambazo nyingi zilitoka Kasai. Kampuni ya almasi ya MIBA ilizaliwa mwaka 1961 juu ya mashapo hayo hayo. Ila tangu General Electric ya Marekani ilipotangaza mwaka 1955 kwamba imetengeneza almasi kwa mashine, mambo yaligeuka. Leo diski unayoiona dukani ina almasi ya kiwandani, na mara nyingi imetengenezwa China, ikafika kwetu kwa lori kupitia Kasumbalesa. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Almasi ya kiwandani ina faida moja kubwa: mtengenezaji anachagua ukubwa wa punje na uimara wake, jambo ambalo ardhi haikumpa nafasi ya kulichagua.

Chukua diski iliyotumika kidogo, ioshe, ikaushe, uiangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10, ile ya wauza vito. Utaona punje za manjano zimechomoza, na nyuma ya kila punje kuna kijituta kirefu cha metali kinachokwenda kikipungua hadi kuisha. Kijituta hicho ni metali iliyokingwa na almasi iliyoitangulia, na ndicho kinachoiegemeza isichomoke. Hii ndiyo sababu ya mshale uliochapwa ubavuni mwa diski. Ukiifunga kinyume, almasi inapoteza egemeo lake, inang'oka ikiwa bado nzima, na diski inaisha kabla ya siku zake.

Hapo hapo kwenye lenzi utaelewa jambo linalowachanganya wengi. Almasi ikitumika inakuwa butu. Ili diski iendelee kukata, metali inayoishika lazima ilike taratibu, punje butu idondoke na mpya ichomoze. Jiwe gumu lisilo na mchanga, kama akiki, halili metali sana. Kwa hiyo linahitaji diski yenye metali laini. Jiwe linalokwaruza, kama jiwe mchanga au zege mbichi, linakula metali upesi. Hilo linahitaji metali ngumu. Diski ya lami ukiipeleka kwenye akiki itang'aa kama kioo na kukataa kukata, na mwenyewe utadhani umeuziwa bandia. Malakiti safi ni laini na haikwaruzi, haisumbui diski yoyote kwa ugumu wake. Malakiti iliyomo ndani ya RSC inasumbua, kwa hiyo kwa mawe yetu chukua metali laini hadi ya wastani, ile inayoandikwa kwa ajili ya vigae vya kaure, granaiti au kioo. Iliyoandikwa zege, matofali au lami, mrudishie muuzaji.

Zipo pia diski ambazo almasi yake imebandikwa juu tu kwa nikeli, safu moja, bila kuchanganywa ndani. Bei yake inashawishi, na kwa malakiti na kalsiti zinakata kwa ulaini wa kupendeza. Lakini safu hiyo ikiisha, imeisha. Kipande kimoja chenye kwatzi nyingi kinaweza kuimaliza. Mimi ningeinunua moja kwa ajili ya vitu vidogo vilivyo safi kabisa, na nisingeitegemea.

Ukingo na unene

Kuna kingo za aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ina meno, yaani ukingo uliokatwa vipande vyenye nafasi kati yake. Nafasi hizo zinapitisha hewa na kutoa uchafu, na ndiyo inayofaa kwa zege. Kila jino linapofika kwenye jiwe linagonga. Malakiti ikigongwa mara mamia kwa sekunde, tabaka zake zinabanduka ukingoni. Ya pili ina mawimbi ya chuma pembeni; inakwenda haraka, inakwaruza nyuso za mkato. Ya tatu ni ukingo mzima usiokatika, laini mzunguko wote. Hiyo ndiyo yetu. Inakwenda polepole na inataka maji mengi, na uso inaouacha ni safi kiasi kwamba kazi ya msasa inapungua kwa saa nzima.

Punje nazo zina ukubwa. Kubwa, za kiasi cha milimita 0.3 hadi 0.4, zinachimba kwa haraka. Ndogo, karibu na milimita 0.15, zinaacha uso laini. Boksi la dukani halisemi, lakini kidole kinasema: pitisha ukucha juu ya ukingo diski ikiwa imesimama na haijafungwa kwenye mashine, ulinganishe mbili tatu. Chukua iliyo laini zaidi.

Sasa unene, ambao kwangu ndio moyo wa sura hii. Diski ya vigae ya milimita 180 mara nyingi ina ukingo wa milimita 2 au zaidi. Diski iliyotengenezwa mahsusi kwa wakata vito, ya milimita 150, inaweza kuwa chini ya milimita 1. Tuseme una tofali la malakiti la milimita 60, unataka vipande bapa vya milimita 5. Kwa diski inayokula milimita 2.4 unapata vipande 8, na mikato 7 imesaga milimita 16.8 ya jiwe. Kwa inayokula 1.2 unapata 9. Kwa inayokula 0.8 unapata 10, na kilichosagika ni milimita 7.2 tu. Hesabu hiyo inatosha kwa anayeuza. Kwa anayekata kwa mapenzi kuna jambo kubwa zaidi: mistari ya malakiti mara nyingi ni myembamba kuliko milimita 1. Diski ya milimita 2.4 inameza pete kadhaa za lile jicho, na vipande viwili vilivyokuwa ndugu havifanani tena. Ukitaka kuvifungua kama kurasa mbili za kitabu ili mchoro wa kushoto uitikie wa kulia, unahitaji mkato mwembamba.

Warusi walilijua hili kabla ya diski za almasi. Chumba cha Malakiti katika Jumba la Majira ya Baridi huko Saint Petersburg, kilichobuniwa na Alexander Bryullov baada ya moto wa mwaka 1837, kina nguzo na meza zinazoonekana kama jiwe zima. Ndani yake si malakiti. Juu yake vimebandikwa vipande vya malakiti ya Ural vya milimita chache, vimepangwa ili mistari iungane. Yote yalitegemea kukata jiwe jembamba bila kulivunja.

Lakini wembamba una mpaka wake, na hapa turudie ule mwamba wenye 4 na 7. Diski nyembamba inayumba. Ikivutwa kuelekea kwenye laini, inapinda, inabanwa, inajikunja mithili ya sahani na haitanyooka tena. Kwa vipande safi vinavyotosha kiganjani, milimita 0.8 ni nzuri. Kwa pande kubwa lililochanganyika na silika, nenda milimita 1.2 hadi 1.6 na ukubali hasara. Kuna diski za vigae vya kaure za milimita 115 au 125 zenye unene wa milimita 1.2 hivi, na zinapatikana kirahisi mjini; ukipata yenye ukingo mzima au wenye mawimbi madogo sana, umepata cha kuanzia bila kuagiza ng'ambo.

Kabla hujalipa, fanya mambo mawili dukani. Tazama ukingo kwa ubavu: lazima uwe mpana kidogo kuliko bati la katikati. Ukilingana na bati, diski itakwama ndani ya jiwe. Kisha ilaze juu ya kioo cha kaunta, bonyeza upande mmoja, halafu mwingine. Inayocheza imepinda, hata kama ina karatasi yake.

Mashine, umeme na maji

Mashine ya mkono ya kukatia chuma, ile wanayoiita grainda kule Dar es Salaam na meuleuse hapa kwetu, ndiyo iliyo karibu na kila mtu. Nasema wazi: usiitumie kwa malakiti. Diski ya milimita 115 kwenye mizunguko 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 66 kwa sekunde. Hakuna njia salama ya kuimwagia maji mkononi mwako, na bila maji unapata weusi niliousema na vumbi nitakalolisema. Mashine ya meza ya kukatia vigae, yenye beseni la maji chini, ndiyo mwanzo unaofaa. Diski ya milimita 180 kwenye mizunguko 2,950 inakimbia kiasi cha mita 28 kwa sekunde, na hapo jiwe linapumua. Ukipata mota ya mizunguko 1,450 na diski ya milimita 250, unafika mita 19, na hiyo ni bora zaidi. Mota iliyotoka Marekani, iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa umeme wa hezi 60, itazunguka takriban 1,440 kwa hezi 50 zetu. Volteji nayo ihakikishe kwanza.

Angalia tundu la katikati. Diski za grainda zina milimita 22.23, za mashine nyingi za vigae 25.4, za wakata vito mara nyingi 15.88. Pete za kupunguzia tundu zipo, zitumike zikiwa zimebana sawasawa. Usitoboe wala usipanue tundu kwa tupa. Likihama kidogo tu, diski itakuwa inagonga upande mmoja kila mzunguko. Sahani mbili zinazoibana ziwe sawa kwa ukubwa. Kina cha mkato unakipata kwa kutoa kipenyo cha sahani kwenye kipenyo cha diski na kugawa kwa mbili: diski ya 250 na sahani za 70 inakupa milimita 90 kwa hesabu, pungufu kidogo kwa kweli. Na mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mota. Hilo halina mjadala.

Maji yawe safi na yafike pande zote mbili za diski. Mafuta, ambayo wenye misumeno mikubwa huko nje huyasifu kwa akiki, yasikaribie malakiti wala krisokola, kwani yanaingia kwenye vinyweleo na kuacha doa. Ukimaliza, mwaga, futa, iache diski izunguke kidogo bila maji ili ikauke, vinginevyo kutu italila bati lake.

Umeme ndio mtihani wetu wa kila siku. Volteji ikishuka, mota inapungua nguvu, wewe bila kujua unaongeza kusukuma, diski inapata joto na kupinda. Ukisikia sauti inazama, rudisha jiwe nyuma. Shirika la umeme, SNEL, likikata umeme diski ikiwa katikati ya jiwe, zima swichi kwanza, kisha litoe jiwe taratibu kwa kulirudisha katika njia ile ile. Umeme ukirudi ghafla huku jiwe limebana, ama diski itajikunja ama jiwe litaruka. Na kwa kuwa unafanya kazi na maji, mashine iwe na waya wa ardhi unaofika ardhini kweli, pamoja na kikata umeme chepesi kinachoachia mkondo ukivuja. Bila hivyo viwili usiiwashe.

Vumbi

Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi na watafiti wa chuo kikuu chetu pamoja na wenzao wa Ubelgiji, uliolinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na waliozaliwa bila kasoro. Ulikuta uhusiano kati ya kasoro hizo na baba kufanya kazi za migodini. Mkata mawe wa uani hapati vumbi la mchimbaji. Lakini anapata la kwake, tena nyumbani, mahali ambapo watoto wanacheza na mama anaanika unga. Vumbi la malakiti ni shaba, la RSC ni silika inayoharibu mapafu pasipo kurudi, na weusi ulioganda kando ya jiwe unaweza kuwa kobalti.

Kwa hiyo kata kwa maji siku zote, hata mkato mmoja wa sekunde kumi. Vaa barakoa ya daraja la FFP2 au zaidi, maana matone ya maji nayo hubeba unga, na kitambaa cha kufunga usoni hakizuii kitu. Miwani ivaliwe. Glavu zisivaliwe karibu na diski inayozunguka, zinaweza kuvutwa pamoja na mkono. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Yale matope ya kijani yanayobaki kwenye beseni usiyamwage mferejini wala kwenye bustani ya lengalenga. Yaache yatulie usiku kucha, chota maji ya juu uyatumie tena, na tope liweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Machinga mmoja wa mapambo kule Katuba hulikausha kivulini, akalichanganya na gundi na kuzibia matundu ya vipande vyake. Ni matumizi mazuri, mradi lisipepetwe likiwa kavu.

Kuifungua na kuisikiliza

Diski mpya mara nyingi haikati vizuri siku ya kwanza, kwa kuwa metali imefunika almasi. Ikatie tofali la kuchoma, mikato michache isiyo na kina, kwa maji. Tofali linakula metali na kuzifungua punje. Fanya hivyo tena kila diski inapoanza kung'aa ukingoni na kukutaka nguvu. Wanaotupa diski kwa sababu "imeisha makali" wengi wametupa diski yenye nusu ya maisha yake. Kabla hujaitupa ipe tofali.

Anza na kipande usichokijali. Lisogeze jiwe kwa uzito wa mkono uliolegea, sauti iwe moja. Sauti ikipanda kuwa kilio, umefika kwenye silika: punguza. Maji yakitoka kijani kizito, mambo ni mazuri. Yakitoka kijivu, unakata mwamba. Ukifikia milimita chache za mwisho, shika sehemu inayodondoka, la sivyo itavunjika yenyewe na kuacha jino kwenye kona.

Ukiwa na fedha ya diski moja, nunua yenye ukingo mzima, ya vigae vya kaure, nyembamba kadiri mashine yako inavyoruhusu. Ukipata ya pili, usinunue mwenzake. Agiza ya wakata vito ya milimita 150, ya 0.8 au pungufu, uitunze kwa malakiti safi peke yake, na ile ya kwanza ibaki ya kufungulia mapande na kuondoa mwamba. Mgawanyo huo ndio unaoipa diski nyembamba miaka, na ndio utakaokuwezesha siku moja kukifungua kijiti cha Kolwezi vipande kumi na viwili, kimoja baada ya kingine, bila pete hata moja kukosa mwenzake.